Friji la friza juu: kulichagua, kulifunga na kulitunza kwenye joto na umeme wetu

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo, na friji utakaloonyeshwa mapema ni la milango miwili, friza dogo juu na friji kubwa chini. Yapo pia yanayofunguka pande mbili kama kabati la nguo, na yapo yenye friza chini, na wauzaji huyasifu sana hayo. Kwa nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam, Tanga, Unguja au Mombasa, ushauri wangu ni ubaki na lenye friza juu. Kwa ujazo uleule bei yake huwa chini. Hewa baridi ni nzito na hushuka yenyewe, hivyo mtambo wa baridi ukikaa juu muundo wote unakuwa rahisi. Mafundi wa mtaani wanalijua ndani nje, na vipuri vyake havina shida.

Ila friji zuri nalo linaweza kukufia mapema. Nionavyo, huku kwetu friji huuawa na joto na umeme kabla uzee haujalifikia. Joto huifanya kompresa, ile mota inayosukuma gesi ya kupooza, ifanye kazi bila kupumzika. Umeme unaoshuka, kukatika na kurudi kwa kishindo huiunguza. Karibu kila hatua hapa chini inahusu mojawapo ya hayo mawili, tangu unapochagua dukani hadi siku unapomwita fundi.

Hatua ya 1: Pima mahitaji kabla ya kuangalia bei

Ujazo huandikwa kwa lita. Mtu mmoja au wawili wanatoshwa na lita 90 hadi 150. Familia ya watu wanne hadi sita hukaa vizuri na lita 200 hadi 260. Zaidi ya hapo tafuta la 300 na kuendelea. Lakini usihesabu vichwa tu, angalia na jinsi unavyonunua chakula. Anayekwenda soko la Feri kuchukua samaki wa wiki nzima, au anayechemsha maharage ya siku nyingi na kuyagandisha kwenye vikopo, anahitaji friza kubwa kuliko jirani yake anayepita gengeni kila jioni. Kwa hiyo uliza lita za friza peke yake, usikubali jumla tu. Angalia pia kama lita zilizoandikwa ni za jumla au ni za nafasi inayotumika kweli, kwa sababu tofauti ipo.

Friji kubwa mno linapooza hewa tupu kwa pesa yako. Dogo mno litajazwa hadi hewa ikose pa kupita, na vya mbele vitaharibika wakati vya nyuma vimeganda. Nenda dukani na vipimo vya mlango wa jikoni, ngazi na mahali litakapokaa, ukiongeza nafasi ya kupumulia ambayo nitaieleza baadaye.

Hatua ya 2: Linaloganda barafu au lisiloganda?

Mafriji ya friza juu yako ya aina mbili, na hapa ndipo wanunuzi wengi hawaulizi.

Aina ya kwanza hugandisha barafu kwenye kuta za friza, na wewe ndiye unayeiyeyusha. Mabomba ya baridi yamezunguka ndani ya kuta zenyewe, hakuna feni, na kwa kawaida baridi inasimamiwa na kitufe kimoja cha kuzungusha. Vitu vya kuharibika ni vichache.

Aina ya pili imeandikwa No Frost mlangoni. Mtambo wa baridi umefichwa nyuma ya ukuta wa friza, feni inapuliza hewa baridi ndani ya friza na kuipeleka chini kupitia njia maalumu. Kila baada ya saa kadhaa hita ndogo huwaka, huyeyusha barafu iliyoganda kwenye mtambo, na maji hushuka hadi kwenye trei iliyo juu ya kompresa, ambako hukauka kwa joto lake. Baridi inasambaa sawasawa na hutahangaika na barafu. Lakini ndani kuna feni, hita, vihisi vya joto na saa au bodi ya kielektroniki, na kila kimoja kinaweza kuharibika.

Anayeishi mahali umeme unapanda na kushuka, na fundi aliye karibu ni wa mtaani, namshauri achukue la barafu. Kuyeyusha mara moja kwa miezi michache si kazi kubwa. Umeme wako ukiwa umetulia na nyumba ina watu wengi wanaofungua mlango mara kwa mara, No Frost itakufaa zaidi, maana kwenye unyevu wa pwani la barafu hujaa haraka sana.

Kuna pia kompresa za inveta. Kompresa ya kawaida hujua mawili tu, kuwaka kwa nguvu zote au kuzima. Ya inveta huongeza na kupunguza mwendo, hivyo haina kelele, hula umeme kidogo na huanza taratibu. Udhaifu wake ni bodi inayoiongoza, kwa sababu bodi haipendi umeme unaoruka, na bei yake huuma. Ukiambiwa dhamana ni ya miaka 10, uliza ni ya nini. Mara nyingi ni ya kompresa peke yake, bila bodi wala gharama ya fundi.

Hatua ya 3: Soma kibandiko, hata muuzaji akiharakisha

Kibandiko kipo nyuma karibu na kompresa, au ndani kando ya droo ya mboga. Mambo manne humo yana uzito kuliko rangi na mng'aro wa mlango.

La kwanza ni herufi za hali ya hewa. SN ni friji lililotengenezwa kufanya kazi kwenye chumba cha nyuzi joto 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, na T ni 16 hadi 43. Jikoni kwa Dar es Salaam mwezi wa Februari, jiko likiwaka na dirisha limefungwa, nyuzi 32 zinavukwa kwa urahisi. Kwa pwani tafuta T, au lile lililoandikwa SN-T au N-T linalofika hadi T. Arusha, Mbeya au Nairobi ST inatosha. Baadhi ya mafriji ya mtumba kutoka Ulaya yana SN au N tu, ndiyo maana mtu analinunua zima kabisa kisha anashangaa linaunguruma mchana kutwa bila kutulia.

La pili ni volti. Tanzania tunatumia volti 230 na hezi 50, Kenya 240 na hezi 50. Friji lililotoka Japani linatumia volti 100, na la Marekani ni 115 kwa hezi 60. Ukilichomeka moja kwa moja linaungua papo hapo. Kununua transfoma kubwa ya kulibeba friji kila saa ya maisha yake kunafuta ule unafuu wa bei uliokuvutia.

La tatu ni gesi. Mafriji mapya mengi yana R600a, gesi inayoshika moto, ndugu wa gesi ya mtungi wa jikoni. Isikutishe, kwani iliyomo ni kidogo, mara nyingi gramu 30 hadi 60, na inapooza vizuri kwa umeme mdogo. Ya zamani kidogo yana R134a, ambayo haishiki moto ila ikivuja inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja ya kaboni dayoksaidi yenye uzito uleule. Ukikuta R12 liache hapohapo. Hiyo ni mojawapo ya gesi zilizotoboa tabaka la ozoni na kupigwa marufuku chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, na friji lenye gesi hiyo ni la kale mno.

La nne ni umeme linaokula, unaoandikwa kWh kwa mwaka, mara nyingi kwenye lebo ya umeme iliyobandikwa mlangoni. Gawanya kwa 365 upate uniti za siku. Kwa mfano, friji la kWh 292 kwa mwaka linakula uniti 0.8 kwa siku, yaani 24 kwa mwezi. Kwa mteja wa LUKU, mita ya Tanzania ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, anayelipa shilingi 356 hivi kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, hiyo ni kama shilingi 8,500 kwa mwezi. Kipimo cha kiwandani hufanywa kwenye chumba kisicho na joto kama letu, kwa hiyo ongeza kidogo. Anayelipa bei ya wateja wadogo, wale wasiopaswa kuvuka uniti 75 kwa mwezi, apige hesabu ya nyumba nzima kabla ya kununua. Friji la uniti moja kwa siku linachukua 30 kati ya hizo 75. Ukiwa na taa, televisheni na pasi utabaki ndani ya kiwango, lakini friji bovu linalowaka saa 24 linaweza kukuvusha, ukahamishiwa kwenye bei ya juu.

Ukinunua la mtumba

Mtumba si dhambi, na wapo waliopata mafriji mazuri kwa njia hiyo. Sharti ni usilipe kabla hujaliona likifanya kazi walau saa mbili. Likute limezima na kompresa ikiwa ya baridi, kwani anayekuuzia friji bovu hupenda kuliwasha mapema na kuweka barafu ya dukani ndani. Liwashe mwenyewe. Kompresa inatakiwa kuanza mara moja, kwa muungurumo mwepesi, bila kugonga. Baada ya nusu saa kuta za friza ziwe baridi pande zote. Barafu ikitokea kona moja tu huku kwingine pakiwa na joto, gesi imepungua.

Kisha angalia alama. Kwenye kuta za friza tafuta viraka vya gundi ngumu, maana hapo palitobolewa kwa kisu. Nyuma, kwenye kompresa, kuna kibomba kifupi cha kujazia gesi. Kikiwa kimebanwa na kuchomelewa kwa usafi, huenda bado ni cha kiwandani. Kikiwa na vali ya kufunguka kama ya tairi, friji hilo limeshajazwa gesi mtaani, na wewe uulize kwa nini. Tazama pia kutu chini ya miguu na kwenye mabomba. Mafriji yaliyokaa karibu na bahari huoza kuanzia huko.

Mpira wa mlango upime kwa noti. Ibane kati ya mlango na friji, kisha uivute. Ikitoka bila ukinzani sehemu yoyote, baridi inavuja hapo. Rudia pande zote nne, milango yote miwili.

Hatua ya 4: Kulibeba na kulisimamisha

Friji lisafiri limesimama. Kwenye Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, linafungwa kamba vizuri likiegemea pembeni, milango imebanwa kwa tepu na rafu zimetolewa. Likilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba. Kama ilibidi kulilaza, lisimamishe na uliache bila kuwasha walau saa kadhaa, na kama safari ilikuwa ndefu subiri hadi kesho yake. Kwa lililosafiri limesimama, saa mbili au tatu zinatosha.

Mahali pake pawe mbali na jiko, jua la dirishani na ukuta unaopigwa na jua la magharibi. Acha nafasi ya kama sentimita 10 nyuma, kiasi pembeni, na zaidi kidogo juu. Friji halitengenezi baridi, linachukua joto lililomo ndani na kulitupa nje kupitia ule wavu mweusi wa nyuma. Ukilibananisha na ukuta, au ukaweka maboksi na mifuko ya mkaa nyuma yake, joto hilo halina pa kwenda. Kwenye mafriji mengi mapya wavu umefichwa ndani ya kuta, ndiyo maana ubavu wake huwa wa moto ukiugusa. Huo si ugonjwa. Ugonjwa utaanza ukiufunika kwa kitambaa cha mapambo kinachoning'inia pande zote.

Miguu ya mbele hurefushwa kwa kuizungusha. Ifanye mbele pawe juu kidogo kuliko nyuma, ili mlango ukiachiwa ujifunge wenyewe. Sakafu ya udongo au isiyo sawa iwekewe ubao mpana au stendi imara, na ukipata stendi utakuwa umeliepusha pia na maji ya kudeki.

Hatua ya 5: Umeme

Chomeka kwenye soketi ya ukutani yenye swichi, peke yake. Ekstensheni nyembamba inayobeba friji, televisheni na pasi hupata moto, na volti zinazofika kwenye kompresa hushuka. Waya wa ardhi, unaopeleka chini umeme unaovuja, ni lazima. Ukigusa mlango ukiwa peku kwenye sakafu yenye maji na ukahisi umeme unakung'ata, zima kwenye swichi, chomoa, na umwite fundi umeme siku hiyohiyo. Kuvaa kandambili na kuendelea kulitumia ni kucheza na maisha ya watoto.

Sasa kinga. Kompresa ikizimwa, inaacha msukumo mkubwa wa gesi upande mmoja wa mabomba. Inahitaji dakika chache ili pande mbili zilingane. Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde 10, kompresa inajaribu kuanza huku gesi ikiisukuma nyuma, inashindwa, inakoroma, na waya zake za ndani zinapata moto. Hivyo ndivyo zinavyoungua. Kifaa ambacho wauzaji wanakiita friji gadi hukata umeme ukishuka au kupanda kupita kiasi, na ukirudi husubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kuliruhusu friji. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya friji, na sioni sababu ya mtu kununua friji bila hicho.

Stabilaiza ni kitu kingine, hupandisha au kushusha volti ili zifike sawa. Kama jioni taa zenu hufifia kila siku, gadi peke yake itakuwa inakata tu na friji halitafanya kazi. Hapo unahitaji stabilaiza yenye uwezo wa kutosha na iliyo na kipima muda cha kuchelewesha. Huna chochote kati ya hivyo? Basi umeme ukikatika zima swichi ya friji, na ukirudi hesabu dakika tano ndipo uwashe.

Hatua ya 6: Kuwasha na kuweka baridi

Futa ndani kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kausha, washa, na liache tupu usiku mzima. Kulijaza soda na nyama saa ileile lilipowashwa ni kulianzishia maisha kwa mateso.

Namba za kwenye kitufe, kwa kawaida 1 hadi 7, si nyuzi joto. Namba kubwa ni baridi zaidi. Anzia katikati. Kiwango unachotafuta ni nyuzi 4 au chini yake kwenye friji, bila kugandisha, na −18 kwenye friza. Njia nzuri ya kupima ni kuweka kipimajoto kidogo ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya katikati, ukisome asubuhi kabla mlango haujafunguliwa.

Mafriji mengi ya No Frost yana vitufe viwili, na hapa kuna jambo linalowapotezea watu pesa kwa mafundi bure. Mara nyingi kitufe kimoja ndicho kinachoongoza kompresa, na kingine ni kilango tu kinachogawa hewa baridi kati ya juu na chini. Ukikizungusha cha friza hadi mwisho ili barafu igande haraka, unaweza kuwa umelinyima friji la chini hewa yake. Juu kila kitu jiwe, chini maziwa yamechacha. Kabla ya kumwita mtu, rudisha vyote katikati na subiri siku nzima.

Na suala la kuzima friji usiku ili kuokoa LUKU: usizime. Kidhibiti joto kinazima na kuwasha kompresa chenyewe siku nzima, na usiku kazi huwa nyepesi kwa sababu nyumba imepoa na mlango haufunguliwi. Ukizima, chakula kinapanda joto hadi pale wadudu wa maradhi wanapozaliana, na asubuhi friji linalipa deni lote kwa mkupuo.

Hatua ya 7: Kupanga vitu

Nyama na samaki wa kugandisha wafungwe bapa na nyembamba, kiasi cha mlo mmoja. Donge la kilo tatu huchelewa kuganda katikati, na likiyeyushwa huwezi kulirudisha. Samaki asafishwe matumbo kwanza. Tui la nazi halikai siku nyingi kwenye friji la chini, ligandishe. Nyama mbichi inayosubiri kupikwa kesho iwe kwenye bakuli lenye mfuniko, rafu ya chini kabisa, ili damu isidondokee chakula kilichopikwa. Maziwa yasikae mlangoni, ndipo penye joto kuliko kwingine, pawekwe soda, maji na achari.

Chakula cha moto kipunguze joto kwanza, lakini kisizidi saa mbili nje. Pilau la sufuria zima ligawe kwenye vyombo vidogo lipoe haraka. Funika kila kitu chenye maji, kwa kuwa mvuke wote unaotoka kwenye mchuzi unakwenda kuwa barafu kwenye friza. Ndizi, vitunguu maji, viazi mviringo na nyanya ambazo hazijaiva vibaki nje. Friji linavikausha, linavibadilisha ladha au kuvigeuza vyeusi.

Ramadhani, friji hufunguliwa mfululizo saa moja kabla ya futari. Toa vitu vyote vya futari kwa mara moja, na maji ya kunywa yawekwe kwenye jagi la maboksi juu ya meza ili watoto wasiende na kurudi. Anayetaka kuuza barafu mtaani atafute friza la kulala. Friza dogo la juu likijazwa maji ya bomba mara mbili kwa siku, kompresa haipati kupumzika hata kidogo.

Hatua ya 8: Usafi unaorefusha maisha ya friji

Kwenye friji la barafu, yeyusha barafu ikifika nusu sentimita, usingoje ijae hadi droo isifunguke. Siku nzuri ni ile umeme umekatwa kwa matengenezo na mmetangaziwa mapema. Zima, chomoa, toa vitu, weka bakuli la maji ya moto ndani ya friza na matambara chini, acha milango wazi. Barafu ikilegea itoe kwa mkono au kijiko cha mbao. Kisu kamwe. Ukuta wa friza ni alumini nyembamba, na gesi inapita nyuma yake tu. Tundu dogo kuliko ncha ya sindano linatosha kuimaliza yote.

Kwenye No Frost, tundu la maji lililo nyuma huziba kwa uchafu au barafu. Utaliona dimbwi chini ya droo ya mboga au tabaka la barafu sakafuni mwa friza. Sukuma maji ya uvuguvugu kwenye tundu hilo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mpaka uyasikie yakianguka kwenye trei nyuma. Na trei yenyewe ivute uisafishe kila wiki wakati wa mvua. Mbu Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hutaga mayai kwenye maji safi yaliyotuama ndani ya nyumba, na trei ya friji ni mahali anapopapenda. Dar es Salaam imeshaonja milipuko ya dengue, mwaka 2014 na tena 2019.

Kila miezi mitatu chomoa friji na ufagie vumbi kwenye wavu wa nyuma na kuzunguka kompresa kwa brashi laini. Mende wadogo hupenda joto la pale na hutafuna na kuchafua bodi, kwa hiyo usiache makombo chini yake. Mpira wa mlango uoshe kwa sabuni na mswaki wa zamani. Kwenye unyevu wetu huota ukungu mweusi kwenye mikunjo, ukungu huufanya ugandamane, na mtu akivuta mlango kwa nguvu mpira unachanika. Ukijikunja, ulainishe kwa kitambaa cha maji ya moto na uunyooshe. Ukichanika, nunua mwingine, ni kipuri rahisi.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi

Wakati wa mgao wa umeme Tanzania, mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, nyumba nyingi zilitupa nyama. Usifungue mlango. Friji lililofungwa hushikilia baridi kama saa nne. Friza lililojaa hukaa siku moja hadi mbili kwenye nchi zenye baridi, lakini friza dogo la juu kwenye joto letu lihesabie muda mfupi zaidi, hasa likiwa nusu tupu. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji zisizojaa hadi shingoni na uziache zigande. Ndizo akiba yako ya baridi, na zikianza kuyeyuka unaweza kuzishusha rafu ya chini kulinda maziwa. Umeme ukirudi, nyama ambayo bado ina barafu ndani inaweza kugandishwa tena. Samaki aliyelainika apikwe sasa hivi. Kilichokaa zaidi ya saa mbili kikiwa kimepoteza ubaridi kabisa, kitupe.

Hatua ya 9: Kusikiliza dalili na kumkabili fundi

Kompresa inakoroma sekunde chache, inasikika "klik", kimya, kisha inarudia: chunguza volti kwanza, halafu relei na ovalodi, vipuri vidogo vya bei ndogo vilivyobandikwa ubavuni mwa kompresa. Usikubali kubadilishiwa kompresa kabla hivyo havijajaribiwa.

No Frost juu inagandisha, chini joto, na vitufe viko sawa: toa chakula chote, chomoa, acha milango wazi siku nzima. Ukiwasha na likafanya kazi vizuri kwa siku kadhaa kisha likarudia, mtambo wake unafungwa na barafu kwa sababu hita, kihisi au saa ya kuyeyushia haifanyi kazi. Hilo halihusiani na gesi hata kidogo.

Na gesi ndiyo inayowalia watu pesa. Mfumo wa friji umefungwa kabisa, gesi inazunguka humohumo miaka yote, haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Ikipungua, kuna tundu. Fundi anayekuja na mtungi, akajaza bila kutafuta tundu, amekuuzia baridi ya miezi michache, na atarudi. Kazi ya haki huenda hivi: anatafuta panapovuja, anaziba kwa kuchomelea, anabadilisha filta ile ndogo ya shaba, ananyonya hewa na unyevu wote kwa pampu kwa muda wa kutosha, kisha anajaza gesi ileile iliyoandikwa kwenye kibandiko, kwa kuipima gramu. Muulize hayo kabla hajaanza. Kama friji ni la R600a, kazi ifanyike mahali penye hewa, jiko likiwa limezimwa, na asichomelee bomba kabla ya kutoa gesi na kuacha iishe. Asiyejua tofauti ya gesi hiyo asiliguse friji lako.

Kama tundu liko ndani ya kuta zilizojazwa povu, gharama ya kulifikia mara nyingi inakaribia friji jingine. Hapo liache. Lakini usilisukume tu uani likakaa. Mtoto akiingia ndani akicheza, mlango ukajifunga na mpira ukabana, hakuna atakayemsikia. Ng'oa milango yote miwili siku hiyohiyo, toa na rafu, ndipo usubiri mnunuzi wa vyuma chakavu, na umwambie gesi iliyomo ni ya aina gani kabla hajawasha moto wa kukatia.